Uhandisi wa mitambo: nianze kusoma nini?

Wasee, nimeitwa chuo hapa Nairobi kusoma uhandisi wa mitambo, miaka 5. Fizikia niko sawa ila kalkulasi, zile hesabu za jinsi vitu vinavyobadilika, inanitisha kabisa. Nianzie wapi?

Mtu wa Umoja: Hongera sana! Kalkulasi usiiache irundikane, maana themodinamiki, yaani somo la joto na nishati, inaitegemea, mtiririko wa maji na hewa pia, yaani usipoielewa mwaka wa kwanza utaumia mwaka wa tatu. Fanya maswali kila siku, kwa mkono.

Shiko: Na upitie Kamukunji hapa Nairobi uone mafundi wa jua kali wakikunja bati na kuchomelea, hapo ndio nguvu za vyuma zinaeleweka, naipenda hiyo sehemu sana.

Baba Tosh: Kwanza cheki kama kozi inatambuliwa na EBK, ile bodi ya wahandisi Kenya, bila hiyo kusajiliwa kama mhandisi ni shida.