Watoto wanatunga sentensi za kubuni lakini hawatoki kwenye "can": niwaongoze vipi?

MwalimuWaLugha anauliza:

Walimu wenzangu, nawasalimu. Ninafundisha Kiingereza watoto wa miaka 9 hadi 11 ambao lugha yao ya nyumbani ni Kiswahili, na kwa sasa tumefikia vitenzi modali, yaani "can", "could", "may", "might", "must", "should", "will" na "would". Katika mazoezi ya kujaza nafasi wanafanya vizuri, lakini wakiachiwa watunge sentensi zao wenyewe, karibu kila mtoto anakimbilia "can" na haoni sababu ya kutumia kingine. Niliwapa mada za kubuni ili wapate la kuandika: joka lililohamia darasani, roboti inayojifunza kupika, kisiwa kinachoelea angani. Mawazo yalimiminika, na waliandika kwa furaha ambayo siioni katika zoezi jingine lolote, ila nikifungua madaftari nakuta "The dragon can fly. The dragon can eat a car. The dragon can sleep on the moon," hadi mwisho wa ukurasa. Sentensi hizo hazina kosa la sarufi, lakini hazimfundishi mtoto kitu ambacho hakukijua. Nifanye nini ili ubunifu huo umlazimishe kuchagua kitenzi, badala ya kubaki pambo tu?

MtungaMazoezi anajibu:

Mwalimu, nadhani tatizo haliko kwa watoto bali katika swali waliloulizwa. Ukimwambia mtoto aandike kuhusu joka, kwa kweli umemwuliza joka ni kiumbe wa namna gani, na jibu la swali hilo ni kutaja uwezo wake, kwa hiyo "can" ndiyo inayostahili. Vitenzi vingine huhitajika pale penye amri, ruhusa, shaka au ushauri. Mwache joka wako alivyo, ubadilishe hali aliyomo.

Waambie joka ameshahamia na atakaa muhula mzima, na kwamba kila kikundi kitaandika kanuni za kuishi naye, lakini hakuna kanuni itakayobandikwa ukutani bila sababu yake. Utapata sentensi kama hii: "You must not tickle the dragon, because it might sneeze fire." Vitenzi viwili vimefanya kazi mbili tofauti ndani ya sentensi moja, cha kwanza kinakataza, cha pili kinataja hatari ambayo haina uhakika wa kutokea. Hilo neno "because" ndilo ninalolisisitiza kuliko yote, kwa kuwa mtoto anayetafuta sababu hutoka mwenyewe kwenye wajibu akaingia kwenye uwezekano, bila mwalimu kumtajia kitenzi.

Kanuni hizo hizo zinakupa nafasi ya kufundisha tofauti inayowasumbua hata watu wazima, nayo ni ya "mustn't" na "don't have to". Andika ubaoni "You mustn't feed the dragon at night" na chini yake "You don't have to feed the dragon at night", kisha uulize: ikiwa darasa moja lina kanuni ya juu na jingine lina ya chini, mtoto akiamka usiku akampelekea joka chakula, kitatokea nini katika kila moja? Katika darasa lenye kanuni ya juu amekosa, na watoto watakubunia maafa ya kila aina. Katika lile lenye ya chini hakuna kosa lolote. Amejitolea tu, na pengine joka atamshukuru. Wakishaandika miisho hiyo miwili, hutahitaji kuwaeleza kwa maneno ya sarufi kwamba moja ni katazo na nyingine ni hiari. Ni kweli kwamba "have to" haihesabiwi miongoni mwa vitenzi modali vyenyewe, lakini kuitenga na "must" kwa sababu hiyo ni kumnyima mtoto nusu ya somo.

MpendaSarufi anajibu:

Nakubaliana na aliyetangulia kuhusu kanuni, ila nafikiri upande wa shaka na uhakika unastahili somo lake peke yake, na huko ndiko ubunifu unakofaa kuliko mahali pengine popote. Mtaala wa taifa wa Uingereza ulioanza kutumika mwaka 2014 unaweka vitenzi modali na vielezi kama "perhaps" na "surely" katika Mwaka wa 5, yaani kwa watoto wa miaka 9 hadi 10, na unavilenga hasa kama njia ya kuonyesha viwango vya uwezekano. Kwa hiyo umri wa wanafunzi wako unafaa kabisa.

Wape fumbo, uwape dalili moja moja. Asubuhi zimeonekana nyayo za matope kwenye dari. Kila mtoto aandike dhana yake kwa "might": "It might be a bat in wet boots." Kisha toa dalili ya pili: nyayo zinaishia kwenye kabati lililofungwa kwa ndani. Sasa asiandike sentensi mpya; arudi kwenye ile ile na kuamua kama kitenzi kibaki, kipande kuwa "must", au kigeuke kuwa "can't". Toa dalili ya tatu, arudi tena. Mtoto anaona kwa macho yake kwamba popo ni yule yule na viatu ni vile vile, na kwamba kilichobadilika ni uhakika wake tu.

Uwe macho na jambo moja. Watoto watajenga kinyume cha "It must be a bat" kwa kuongeza kikanushi na kuandika "It mustn't be a bat". Katika maana hii ya kukisia kwa ushahidi, kinyume cha kawaida ni "It can't be a bat". Wafundishe jozi hiyo kabla ya fumbo, maana wakishaizoea ile nyingine ni kazi kuing'oa.

MwalimuWaLugha:

Ahsanteni sana, nyote wawili. Fumbo la nyayo nitalianza wiki ijayo. Nina swali jingine: mtoto akiwa katikati ya kutunga ananiandikia "She cans fly", au "He must to hide", au "Tomorrow I will can swim". Nikimsahihisha papo hapo naona mawazo yanakatika, na nikinyamaza nahofia makosa yatajikita. Mnafanyaje?

MhaririWaWatoto anajibu:

Mwache amalize kwanza. Anapoandika, jibu alichokisema: muulize huyo msichana anaruka kwenda wapi. Siku inayofuata chagua sentensi chache kutoka madaftarini, uziandike ubaoni bila kutaja waandishi, darasa zima lizirekebishe. Sheria za umbo ni chache na watoto huzishika haraka: vitenzi hivi havichukui "s" ya nafsi ya tatu umoja, kitenzi kinachovifuata hakitanguliwi na "to", na viwili haviwezi kufuatana. Hiyo "to" wanaitoa kwenye Kiswahili, ambako "anaweza" hufuatwa na "kuruka", kwa hiyo ni vyema kuwaambia waziwazi kwamba hapa lugha hizi mbili zinaachana.

Kuhusu "will can", kosa hilo linatokana na mtoto kuwa na jambo halisi la kusema huku akikosa umbo la kulisemea, na kulikataza tu hakumsaidii. Mpe dawa ya ajabu inayobadilisha mwili, aandike siku tatu: "Yesterday I could only hop. Today I can fly. Tomorrow I will be able to walk through walls." Baada ya hapo mgeuzie kwenye wajibu, naye atagundua kwamba "must" haina umbo lake la wakati uliopita na kwamba lazima aazime "had to".

MtungaMazoezi:

Naongeza moja tu, kwa kuwa "would" imesahaulika. Mimi huiweka mwisho, kwa sababu sentensi kamili kama "If I were a cloud, I would rain only on thirsty gardens" inambebesha mtoto mizigo miwili kwa mpigo, "would" yenyewe na lile "were" la kudhania. Sehemu ya sharti, yaani ile ya "If", iandike wewe ubaoni ikiwa tayari, wao wamalizie sehemu ya pili tu, kwanza kwa "would" wakieleza wangefanya nini, kisha kwa "could" wakieleza kipi kingewezekana kwao. "Were" waanze kuiandika wenyewe pale utakapowasikia wakiitamka bila kuangalia ubao.