Mjadala: Anayependa kamera, ameridhia kweli?

Hoja: Filamu ya makala Grey Gardens (1975) iliwaonyesha Edith Beale na bintiye wa jina hilohilo, shangazi na binamu wa Jacqueline Kennedy, mjane wa Rais John F. Kennedy wa Marekani, wakiishi na paka katika nyumba iliyochakaa East Hampton, New York. Binti aliimba na kucheza mbele ya lenzi. Je, Albert na David Maysles, ndugu walioitengeneza, waliwatendea haki?

Mpenzi wa makala: Ndiyo. Aibu ilikwishaanikwa kabla yao: maofisa wa afya waliivamia nyumba 1971, magazeti yakaandika, Jacqueline na mumewe wa pili, Aristotle Onassis, wakagharimia usafi. Ndiyo maana filamu inafungua na vipande vya magazeti. Akina Maysles waliwapa wanawake hao nafasi ya kujisemea. Tena binti aliipenda kazi ile, na 1978, akiwa na miaka 60, akapanda jukwaani kuimba katika klabu ya Reno Sweeney, New York.

Mhariri: Kuipenda si kuridhia. Mkanda wa filamu wa milimita 16 wa futi 400 huisha kwa dakika 11 hivi, ndipo ubadilishwe. Mwenye kiu ya kuonekana huujua mdundo huo upesi: hutunza kituko chake hadi kamera iwe tayari. Unayemrekodi si yeye wa kila siku tena, ni yule anayedhani unamtaka. Simu ya leo haina hata hayo mapumziko.

Kisha njoo kwenye meza ya kuhariri. Ukikata swali ukaacha jibu, mtu anaonekana anazungumza peke yake. Ukiondoa kimya cha sekunde mbili kabla hajajibu, umemwondolea kufikiri, kabaki kichekesho. Akina Maysles waliacha sauti ya David na sura zao kwenye kioo, hilo nawapa.

Mpenzi wa makala: Basi tunakubaliana zaidi ya unavyodhani.

Mhariri: Kwenye meza, ndiyo. Kwenye ridhaa, bado.

Mtayarishaji: Fedha hamjaigusa. Mlipe unayemrekodi kwa siku, kiwango kimoja, hata siku asipofanya lolote. Ukilipa kwa tukio, unanunua vituko, naye atakuuzia vikubwa zaidi kila wiki. Wanaorekodi watu wa kiki mitaani kwetu hapo ndipo wanapoharibu.

Mwanasheria: Msitegemee sheria pekee. Ya Kenya ya ulinzi wa data (2019) inamruhusu mtu kuondoa ridhaa, lakini ina msamaha kwa uandishi wa habari na sanaa. Kinga iwekwe kwenye mkataba: anayerekodiwa asaini kabla ya kurekodi, kisha tena baada ya kuona toleo la awali, akiwa na ndugu au rafiki asiye na mgawo kwenye mapato. Mpe wiki mbili kati ya kuona na kusaini. Orodhesheni vipande anavyoweza kuzuia: mwili, ugonjwa, watoto.

Mtayarishaji: Wiki mbili zitamfukuza mfadhili.

Mwanasheria: Ziandike kwenye ratiba kabla ya kuomba fedha, si baada.