Naomba ushauri: bwawa la kasa Nungwi, twende maji yamejaa au yametoka?

Wakuu, kutoka Arusha tunapanga kupeleka watoto Unguja, kwenye bwawa la kasa la Mnarani, Nungwi. Ni bwawa la asili kwenye mwamba wa matumbawe, maji yake yanafuata bahari. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvu: maji yanajaa na kutoka sana, na kila siku yanachelewa kama dakika 50, kwa hiyo ratiba ya jana haikusaidii. Wakati gani maji yanakuwa maangavu, mtoto amwone kasa akiibuka kuvuta pumzi? Mafuta ya kuzuia jua tumeshayapiga marufuku, yanaacha utando juu ya maji. Fulana ya mikono mirefu inatosha. Mwani wa kuwalisha unapatikana palepale? Na daladala 116 ya kutoka mjini kwenda Nungwi inafaa na mabegi, au tukodi Noah?