Tupeane uzoefu: kibali cha usalama Marekani na swali la bangi, miraa na vidonge vya kuazimana

Mwanzisha mada, Silver Spring
Wakuu salaam. Nimepata kazi ya kompyuta kwa mkandarasi wa jeshi hapa Maryland, ila siwezi kuanza bila kibali cha usalama, yaani ruhusa ya serikali ya kushika siri zake, ngazi ya Secret. Fomu ni ile SF-86, ndefu kama foleni ya Mbagala. Anwani zote, safari za Bongo, mashemeji, nimejaza. Nimefika kipengele cha 23, mkono ukaganda. Wanauliza dawa za kulevya kwa miaka 7 iliyopita.

Mimi si mvutaji. Lakini bangi iliporuhusiwa hapa Julai 2023, kwenye sherehe ya mshkaji nilikula nusu peremende ya bangi. Ilinunuliwa dukani, kikopo kina lebo, risiti ina kodi. Niandike au nikaushe?

Mdau wa Virginia
Andika mkuu. Ruhusa ya jimbo haiwahusu hao, wao wanakwenda na sheria ya shirikisho, na huko bangi bado ni haramu. Mimi nilivuta chuoni kama mara 6, nikaandika 6. Mpelelezi wangu alikuwa mama wa makamo, ana daftari la manjano. Ulivuta na nani? Nani alinunua? Ukiikuta inazungushwa kesho utafanyaje? Hilo la mwisho aliliuliza mara mbili kwa maneno tofauti, akawa ananitazama usoni badala ya kuandika. Nikasaini kwamba sitagusa tena, na nikigusa kibali kifutwe. Miezi 8 nikapata.

Desemba 2021 mkuu wa ujasusi wa taifa alitoa waraka kwamba bangi ya zamani peke yake isimkoseshe mtu. Ya zamani, sikiliza vizuri. Anayetumia sasa hivi, sheria hairuhusu apewe kabisa.

Jamaa wa Dallas
Mimi ndiye niliyekausha. Niliandika "hapana", halafu kwenye orodha ya wanaonifahamu nikamweka rafiki yangu wa chuo, mtu mkweli mno. Akaulizwa, akajibu. Nikaletewa barua ya kueleza kwa nini nisinyimwe, siku 20 za kujibu. Bangi ilichukua aya moja. Uongo ulichukua ukurasa uliobaki. Kazi ikaenda. Rafiki tunasalimiana, basi.

Wa Maua, niko Minneapolis
Hamjanigusa bado. Kwetu Meru jaba, yaani miraa, ni kama chai, wazee huposea nayo wachumba. Nilienda nyumbani Desemba, nikakaa na binamu zangu, miraa aina ya giza mkononi, bazoka ya Big G mdomoni, mpaka asubuhi. Huku kumbe lile jani bichi lina kemikali ya kuchangamsha, kathinoni, na wameiweka kundi la kwanza la dawa za marufuku, kundi moja na heroini! Kenya ni zao halali, nimekua nikiona magari yakilikimbiza uwanja wa ndege. Wakili akaniambia lieleze kwenye nafasi ya maelezo, useme ni wapi, lini na kwamba huku hujawahi kupokea kifurushi. Mpelelezi hakuwa amewahi kulisikia, ikabidi nimtajie herufi moja moja. Kibali bado nakisubiri, kwa hiyo sina ushauri, nina hadithi tu.

Dada wa Columbus
Wanaume mnahangaika na majani, mimi nilikwama kwenye vidonge. Mgongo uliniuma, shangazi akanipa vyake vya maumivu makali alivyoandikiwa baada ya upasuaji. Nani kwetu hajapewa dawa na shangazi? Fomu ina swali lake kabisa: kutumia vibaya dawa za hospitali, ziwe zako au za mwingine. Nikaandika vidonge 4, siku 2, na sababu. Kwenye mahojiano tukamaliza kwa dakika tano.

Ila mwanzisha mada, swali moja la maana: siku ya peremende ulikuwa umeshaapa uraia? Fomu inaahidi kwamba majibu ya kipengele hicho hayatatumiwa kama ushahidi kwenye kesi ya jinai. Uhamiaji si jinai. Tangu Aprili 2019 uhamiaji walisema wazi kwamba bangi inaweza kukukosesha "tabia njema" inayotakiwa kupata uraia, hata kama jimbo limeruhusu. Kama ulikula kabla ya kiapo, funga hiyo kompyuta, tafuta wakili wa uhamiaji kwanza.

Mwanzisha mada
Dada Mungu akubariki, umenitoa jasho. Nimechimba picha kwenye simu: kiapo Machi 2023, nimeshika kibendera. Sherehe Septemba. Pumzi imerudi. Naandika: mara 1, nusu peremende, tarehe, mahali.

Sasa kuna hili. Naishi na kaka yangu mkubwa, yeye huvuta kila jioni kwenye baraza, na jina la kwanza kwenye mkataba wa nyumba ni lake. Wanasema mpelelezi hugonga kwa majirani, na jirani wa juu harufu anaijua. Aliyewahi kumwambia kaka yake ahamishie moshi kwingine, alianzaje?