Naomba ushauri: edita ya muundo kwa watumiaji sugu, niwaachie wabadili kila kitu au niwafungie?

Kibarua_Tech:
Wakuu habari za usiku. Kuna jambo linaninyima usingizi, naomba mawazo na msinitukane. Natengeneza edita ya muundo, yaani siyo ile ya kuchapa herufi moja moja kama Notepad, hapa mtu anahariri mti wenyewe, sharti liko juu, chini yake matawi, chini yake hesabu. Unabonyeza kitufe sharti zima linaingia na nafasi zake za kujaza, ukitaka kuhamisha tawi linahama na kila kilichomo, mabano huwezi kuyasahau kwa sababu hayapo, yanachorwa tu kwenye skrini. Watumiaji wenyewe ni sugu, wale ambao mausi hawaigusi kutwa nzima. Swali langu ni moja tu: niwaruhusu wajipangie kila kitu, vitufe, rangi, mti unavyoonekana, mpaka kutunga amri zao wenyewe, au niweke njia moja wote waizoee? Nikifungua itakuwa vurugu, nikifunga watasema nimewafunga mikono. Asubuhi naingia kazini kwa hiyo nikichelewa kujibu mnivumilie.

Chapati_Mbili:
Nimekaa siti ya mbele. Waje wenye ujuzi, mimi nimekuja kusoma comenti.

Fundi_Mabano:
Mkuu karibu kwenye ugonjwa wetu. Mimi naandika Lisp, ile lugha ya programu iliyojaa mabano, ndani ya edita ya Emacs na natumia nyongeza yake inaitwa paredit, ilitengenezwa na Taylor Campbell mwaka 2005, inafanya nusu ya hayo unayosema lakini juu ya maandishi ya kawaida. Ukitaka kufuta bano lenye kitu ndani inakataa, kishale kinaruka tu. Wiki ya kwanza niliitukana mpaka jirani akagonga mlango. Baadaye nikazoea, sasa hivi nikikaa kwenye kompyuta ya mtu asiye nayo najiona nimevaa viatu vya mtu mwingine. Kwa hiyo jibu langu, wafunge, watalia, watazoea.

Wa_Ruiru:
Sasa boss, mbona ujitese hivyo? Chukua Tree-sitter, ile tool ya kusoma code iwe mti, umalize. Ilianzia kwa ile edita ya Atom pale GitHub, Atom yenyewe waliifunga 2022 lakini Tree-sitter ikabaki, saa hii iko ndani ya edita kama Neovim na Helix. Mtu anaandika text yake vile amezoea, mti unajengwa nyuma kila akigusa key, na hata code ikiwa na makosa katikati mti hauanguki wote. Kwa Helix unabonyeza Alt na o selection inapanda kwa mzazi wake, unabonyeza tena inapanda tena. Hiyo ni structure bila kumnyang'anya mtu keyboard yake.

Mzee_wa_Disketi:
Vijana mna mambo. Sisi chuoni tulikuwa na Turbo Pascal, vitufe vyake ni vile vile vya WordStar, programu ya kuandikia ya enzi hizo, Ctrl K B unaanza bloku, Ctrl K K unaimaliza, na mtu aliyevijua hivyo alikuwa anaheshimika kuliko mwenye pikipiki. Maabara ilikuwa na foleni, unaingia na disketi yako mfukoni umeifunga kwenye nailoni isiingie vumbi, umeme ukikatika kabla hujasevu unatoka nje unakaa chini ya mwembe na wenzako hakuna anayeongea. Kulikuwa na dada mmoja alikuwa anachapa haraka mpaka tunasimama nyuma yake kuangalia, sijui siku hizi yuko wapi. Haya endeleeni.

Fundi_Mabano:
Shikamoo mzee.
@Kibarua_Tech hebu tueleze mambo mawili. Faili linahifadhiwa vipi, na hao watumiaji ni kina nani hasa? Maana kuna tatizo la kale sana. Mtu anachapa a + b halafu anataka * c. Kwenye maandishi anachapa tu na kanuni ya hesabu inajipanga. Kwenye mti, kishale chake kiko juu ya b, nyota itashika b peke yake, akitaka ishike jumla nzima inabidi kwanza apande ngazi moja juu ndio aweke nyota. Mwandishi wa programu atakuelewa, mwingine atakutupia kibodi. Pale Chuo Kikuu cha Cornell, Teitelbaum na Reps walilikuta hilo hilo, kwenye kazi yao waliyoiandika 1981 vipande vikubwa kama sharti na kitanzi vinaingia kwa kiolezo, lakini semi ndogo za hesabu mtu anachapa kwa mkono, mashine inazisoma baadaye. Na ile ilikuwa ya wanafunzi wanaoanza, siyo sugu!

Kibarua_Tech:
Asante mkuu kwa darasa. Hayo ya faili tuyaache kwanza, yako sawa. Swali lilikuwa kuhusu kuwaruhusu kubadilisha. Na kuhusu hesabu, kwangu hakuna kuchapa kabisa, kila kitu kinaingia kama nodi, yaani kipande kizima cha mti, hiyo nilishaamua maana kuchapa ndiko kunaleta makosa.

Wa_Ruiru:
"Hayo ya faili tuyaache." Hapo ndio kuna maneno. Sema tu.

Mtumishi_wa_Haki:
Ndugu yangu, kabla ya kuuliza vitufe jiulize nia. Vijana wengi siku hizi wanatengeneza vitu vya kujionyesha kwa wenzao badala ya kumsaidia mtu wa kawaida. Mche Mungu, tengeneza kitu mama wa sokoni atakitumia.

Chapati_Mbili:
Mama wa sokoni anahariri mti gani mtumishi, labda wa mchicha.

Kibarua_Tech:
Haya basi. Siyo waandishi wa programu. Ni ofisi moja ya bima, siitaji, wanaoandika kanuni za kukokotoa ada. Kama gari ni la biashara hivi, kama mteja anataka bima kubwa vile, kama hakudai mwaka jana apunguziwe. Zote ziko kwenye Excel na wale wadada wanaruka humo kama hawana akili nzuri, mausi wameigeuza ya kuwekea kalamu. Kuhusu kuhifadhi, kila nodi ina namba yake ndani ya hifadhidata ya SQLite. Maandishi hayapo kwenye faili, ila nimeweka kitufe cha kutoa nakala ya maandishi kwa anayetaka kusoma.

Fundi_Mabano:
Ikishatoka kama maandishi inaweza kurudi kuwa mti?

Kibarua_Tech:
Kurudi bado. Haina haraka maana kila kitu kitafanyikia ndani ya edita. JetBrains nao edita yao ya muundo, MPS, haihifadhi maandishi ya kawaida na watu wanaitumia kwa kazi kubwa.

Fundi_Mabano:
MPS inaweka modeli kwenye XML, na ilibidi wakuwekee mpaka kifaa chao cha kuunganisha mabadiliko ya watu wawili maana Git, kile chombo cha kutunza matoleo ya faili, peke yake ingeichanachana. Wana kampuni nyuma. Wewe una nani nyuma yako?

Kibarua_Tech:
Mkuu sasa unanishambulia. Kanuni zao nilishazihamishia kwangu karibu zote na nusu ya malipo wameshanipa, wanategemea kuanza kuitumia mwisho wa mwezi, siwezi kurudi kuanza kufumua uhifadhi. Niliacha kazi kwa ajili ya hii. Nilitaka tu kujua kuhusu vitufe jamani.

Mtumishi_wa_Haki:
Kumbe kuna pesa ya watu. Nilijua tu.

Mpelelezi_Huru:
Nimesoma kimya kimya toka juu, naomba niseme. Hii ni chai. Bandiko la kwanza "asubuhi naingia kazini", huku chini "niliacha kazi". Ofisi ya bima ya hapa kwetu, ambayo kukulipa dai la kioo cha gari ni mpaka uzeeke, ndio imetoa nusu ya malipo kwa edita ya miti? Huyu kasoma makala ya kizungu mahali anataka tumwandikie muhtasari wa mtihani. Kama ni kweli weka picha ya skrini.

Chapati_Mbili:
Mimi nilishaanza kumwonea huruma. Sukari kiasi gani?

Wa_Ruiru:
Na wewe Mpelelezi kila thread ni chai. Ile ya jamaa wa kuku pia ulisema hivyo na akapost kuku.

Mpelelezi_Huru:
Wale kuku walikuwa wa jirani yake.

Kibarua_Tech:
Picha siweki, ni kanuni za mteja, nikiweka ndio nitakuwa mjinga kweli. Na hakuna mgongano wowote, ajira niliacha, asubuhi naenda kukaa pale ofisini kwao kuangalia wanavyofanya, hiyo kwangu ni kazi. Asiyeamini apite.

Mzee_wa_Disketi:
Kuhusu vitufe, maana naona swali la kijana limesahaulika. Emacs yenyewe ilizaliwa kwa sababu hiyo. Pale MIT miaka ya 1970 kila mtu alikuwa na makro zake, yaani amri alizojitungia, za edita ya TECO, ukikaa kwenye mashine ya mwenzako huelewi kitu, hata kumsaidia huwezi. Guy Steele akaanza kuzikusanya ziwe mpangilio mmoja, Stallman akaendeleza, 1976 ikatoka Emacs. Kwa hiyo weka mpangilio mmoja wa wote kwanza, juu yake mtu aongeze vyake, na kiwepo kitufe cha kuvizima vyote kwa mpigo ili mwenzake akija kumsaidia asipotee.

Kibarua_Tech:
Asante sana mzee wangu, hili ndilo nililokuwa natafuta tangu jana.

Binti_Hesabu:
Samahani nimechelewa nilikuwa nafunga mahesabu ya mwezi. Mimi siyo mtu wa programu, niko kwenye Excel asubuhi mpaka jioni, na nimewahi kufanya bima pia. @Mpelelezi_Huru hakuna haja ya picha. Kaka Kibarua, kama kweli unakaa na hao wadada, niambie: mtu akiwa katikati ya fomula ndefu, IF ndani ya IF ndani ya IF, bosi akamwita, fomula haijaisha na Excel inagoma kuipokea, wanafanyaje?

Kibarua_Tech:
Wanarudi mwanzo wanaweka apostrofi mbele ya alama ya sawasawa, Excel inadhani ni maneno tu inaipokea. Wakirudi wanaifuta wanaendelea. Yule mkubwa wao ana shiti nzima ya fomula zenye apostrofi, hakuna anayeruhusiwa kuigusa.

Binti_Hesabu:
Huyu amekaa nao. Hiyo shiti hata mimi ninayo.
Haya sasa, kwenye yako mtu akikwama katikati anafanyaje?

Kibarua_Tech:
Hawezi kukwama dada. Edita haikubali kitu kibovu, kila nafasi lazima ijazwe kabla hujaondoka kwenye tawi.

Binti_Hesabu:
Basi ndio amekwama.

Fundi_Mabano:
Dada ameua. Kuna watu wa Chuo Kikuu cha Michigan, Cyrus Omar na wenzake, wana mazingira yanaitwa Hazel, hili la kitu ambacho hakijaisha wamelifanya ndio msingi wa kila kitu. Pasipojazwa panakuwa tundu, na hilo tundu mfumo unalijua, unajua linatakiwa kujazwa na kitu cha aina gani, programu inaendelea kukokotoa inapoweza. Kwa bima ingekuwa hivi: ada yote inakokotolewa, palipo tundu panabaki tundu mpaka arudi kutoka kwa bosi.

Kibarua_Tech:
Hazel nimeiona, ni ya utafiti ile. Na tundu likiachwa ada ikatoka pungufu ikamfikia mteja nani atalipa? Ndio maana nilifunga. Siyo kwamba sikufikiria.

Binti_Hesabu:
Hoja yako naielewa. Zuia kutoa ada kwa mteja, usizuie kusevu, hivyo ni vitu viwili. Sisi Excel hatuipendi kwa sababu ya uzuri. Seli ndiyo mti wako huo, nahama kwa mishale, nakata safu nzima, naingiza katikati, marejeo yanajirekebisha yenyewe. Lakini ndani ya seli ni maandishi, nachapa ninavyojua, nabandika fomula aliyonitumia mwenzangu WhatsApp. Wewe umechukua nje ukaongeza, ndani umefuta. Hiyo fomula ya WhatsApp kwako inaingilia wapi?

Kibarua_Tech:
Haiingii, bado. Inahitaji kile kisomaji cha kurudisha maandishi kuwa mti.

Fundi_Mabano:
Kile ambacho hakina haraka.

Binti_Hesabu:
Na F2 kwako inafanya nini?

Kibarua_Tech:
F2 ni kubadili jina la nodi.

Chapati_Mbili:
Yesu na Maria.

Binti_Hesabu:
Kaka yangu. Wadada wako vidole vinalala kwenye F2. Siku ya kwanza tu watabonyeza F2 wakitaka kuhariri na watabadilisha majina ya kanuni za kampuni bila kujua. Achana na rangi. F2 ifungue tawi alilosimama ligeuke maandishi, achape, akibonyeza Enter lirudi kuwa mti, Esc libaki kama lilivyokuwa. Siyo kanuni nzima, tawi lile tu. Mpangilio wa vitufe uuchukue kutoka Excel kama ulivyo, baada ya miezi watakuambia wenyewe wanataka kubadili nini.

Wa_Ruiru:
Na parser, yaani hicho kisomaji, ya branch moja si kazi kubwa, grammar yako ni ndogo, ni masharti na hesabu tu. Wiki mbili ukikaa chini. Ukimaliza hiyo pia import utakuwa umeipata, ni kitu ile ile.

Kibarua_Tech:
Wiki mbili sina. Labda nianze na upande wa hesabu tu, masharti yabaki nodi kama nilivyopanga. Mabano siyarudishi, kwenye hilo msinishawishi. Ila swali, akibonyeza Enter na alichochapa ni kibovu, kinakwenda wapi?

Mzee_wa_Disketi:
Kiwekee apostrofi.

Mpelelezi_Huru:
Mimi bado nasubiri picha.