Naomba ushauri: naweza kwenda na mtumishi wa ndani kwenye kituo cha kazi London?

Msafiri_Kiembesamaki
Asalaam alaykum wanajukwaa. Nimepangiwa kituo London, ubalozini kwetu. Mambo yanakwenda mbio na kila nnaemuuliza ananijibu lake. Swali langu dogo tu: mtu wa ubalozi anaruhusiwa kuchukua mtumishi wa ndani kutoka nyumbani? Nina mke na watoto watatu, wa mwisho bado ananyonya, mke hawezi peke yake. Msichana yupo tayari na pasipoti anayo. Viza yake inaombwa vipi, na mshahara naweza kumlipa kwa shilingi huku huku? Halafu kontena: nichukue la futi 20 au niuze vitu? Wenye ujuzi tafadhali, sio matusi.

Karafuu_Kavu
Wa alaykum salaam. Hongera mkuu. Friji, pasi na blenda usiuze. Umeme wa Uingereza ni volti 230 kama wetu na plagi ni ile ile ya meno matatu. Wanaopangiwa Marekani ndio wanaolia. Nyama na vitu vya maziwa usijaribu, vinazuiwa mpakani. Na usije ukamwambia mtu akutilie dagaa kwenye mfuko wa kidiplomasia, ule ni wa nyaraka na vitu vya kazi ya ofisi tu 😂

MzeeWaItifaki
Nianze na mtumishi, kontena baadae.

Mkataba wa Vienna wa 1961, ule wa mahusiano ya kidiplomasia, unamtambua mtumishi binafsi wa mtu wa ubalozi, kwa hivyo jambo lenyewe lipo. Lakini msamaha anaopewa ni wa kodi ya mshahara anaolipwa na wewe, basi. Hana kinga ya kutoshitakiwa. Kuingia kwake kunafuata sheria za uhamiaji za Uingereza, na zile zinataka mkataba wa kazi wa maandishi: saa za kazi, mapumziko, likizo, malazi, mshahara.

Mshahara ni kwa sheria ya kule. Kima cha chini kilichoanza Aprili 2025 kwa mwenye miaka 21 na zaidi kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Kwa kima hicho saa 40 ni pauni 488.40 kwa wiki. Akilala kwako unaruhusiwa kuhesabu kiasi kwa ajili ya malazi, mwaka huo kilikuwa pauni 10.66 kwa siku, chakula hakihesabiwi. Lipa kwa benki, kila mwezi, kwenye akaunti yenye jina lake. Shilingi za mkononi anazopokea mama yake Unguja hazithibitishi kitu siku ya ugomvi.

Sasa mie nakuuliza. Huyo msichana ana uhusiano wowote na wewe au na mkeo? Jibu kwanza, kwa sababu kanuni zao zinasema mtumishi asiwe ndugu wa mwajiri wala wa mke wa mwajiri, kwa damu au kwa ndoa.

Ukhty_Mbweni
Pauni 488 kwa wiki! Mtumishi atakulipia wewe nauli ya kurudi.

Msafiri_Kiembesamaki
Shukran mzee. Kuhusu uhusiano, ni mtu wa karibu. Ameshazoea watoto. Ila kwa kuwa mie nitakuwa na kinga kamili sioni tatizo liko wapi. Nikishawasilisha hati zangu kwa Mfalme hakuna wa kunigusa.

Ngome_Kongwe
Tusisahau tulikotoka. Mjumbe wa Sayyid Said, Ahmad bin Na'aman, alifika New York na jahazi Sultana mwaka 1840, na konseli wa Marekani alikuwa keshakaa Unguja tangu miaka ya 1830. Dk. Salim Ahmed Salim alipelekwa ubalozi wa Misri 1964 akiwa na miaka 22. Visiwa hivi vina damu ya diplomasia. Hongera kijana.

MzeeWaItifaki
@Msafiri "mtu wa karibu" haimo kwenye fomu. Ni nani kwako?

Sina_Haraka
Watu wanauliza ni nani, yeye anajibu kinga. Hapa pana kitu.

Msafiri_Kiembesamaki
Haya, kwa kuwa mmeshikilia. Ni mke wangu mdogo. Ndoa ya halali, cheti nnacho. Mke mkubwa anajua na karidhia kwa mdomo wake, hakuna ugomvi nyumbani. Wazungu hawataki wake wawili, basi nikaona mkubwa aende kama mke, mdogo aende kama mtumishi. Kwani ni uongo? Kazi za nyumbani si atazifanya? Mkataba ushaandikwa na sheha, kiongozi wa shehia yetu, keshanipa barua kuwa ni mfanyakazi wangu wa miaka mingi. Nauli pia nimeshaweka pembeni. Sitafuti ruhusa, natafuta utaratibu.

Karafuu_Kavu
Lahaula. Nilikuwa kwenye friji mie.

Maalim_Wete
Ndugu yangu, Mwenyezi Mungu amekuruhusu wanne kwa sharti la uadilifu. Uadilifu gani huu, mmoja abebe jina la mke na mwenziwe abebe ufagio? Matumizi, malazi, zamu, heshima mbele za watu, vyote ni haki zake. Unamtoa kwa wazee wake akiwa mke, unamfikisha Ulaya akiwa kijakazi.

Ukhty_Mbweni
Na zamu utazigawa vipi maalim? Saa 40 za mkataba, je zile za usiku ni ovataimu? 😂😂 Bi mkubwa ndie atakaekuwa anasaini karatasi ya mahudhurio.

MzeeWaItifaki
Tucheke lakini tumuokoe mtu. Ikiwa ni mkeo, njia ya mtumishi imefungwa hapo hapo, ni jamaa kwa ndoa. Ukiandika kuwa si jamaa umesema uongo kwenye ombi la viza. Uingereza hadaa kwenye ombi ni kufungiwa miaka 10, na atakaefungiwa ni yeye kwa sababu ombi ni la jina lake. Barua ya sheha ndiyo itakayokuwa kidhibiti nambari moja.

Upande wa mke: Mkataba wa Vienna unasema kinga inawafikia watu wa familia wanaoishi nyumba moja na mwanadiplomasia, lakini haukufafanua familia ni nani. Anaefafanua ni nchi mwenyeji. Na kanuni za uhamiaji za Uingereza hazimruhusu mke wa pili kuingia kama mke ikiwa mwenziwe yuko kule kwa haki hiyo hiyo.

Mshahara nao: zamani ulikuwepo mwanya wa kutolipa kima cha chini kwa mtumishi anaeishi kama mtu wa nyumbani. Ulifutwa Aprili 2024. Kwa hivyo utamlipa mkeo kima cha chini chote kwa benki, au utakuwa na mkataba wa uongo na mshahara wa uongo. Chagua kosa.

Msafiri_Kiembesamaki
Mzee unatisha watu. Wangapi wamefanya na wamerudi salama? Kinga ni kinga. Polisi hawaingii nyumba ya mwanadiplomasia.

Ngome_Kongwe
Kinga haizuii kufukuzwa. Januari 1965 konseli wa Marekani hapa hapa Unguja, Frank Carlucci, alipewa mlango. Nchi mwenyeji haidaiwi hata sababu, kifungu cha 9 cha Mkataba wa Vienna.

Karafuu_Kavu
Na Carlucci akaja kuwa Waziri wa Ulinzi wa Marekani 1987. Kwa hiyo kufukuzwa Unguja kuna barka zake.

MzeeWaItifaki
Desemba 2013 naibu konseli mkuu wa India alikamatwa New York kwa tuhuma za kudanganya kwenye viza ya mtumishi wake wa ndani. Mkataba ulitaja mshahara mmoja, malipo yakadaiwa kuwa mengine. Alikuwa na kinga ya kikonseli, ambayo inafunika matendo ya kazi tu. Na Julai 2022 Mahakama ya Juu ya Uingereza, majaji watatu dhidi ya wawili, ilisema mwanadiplomasia anaemtumikisha mtumishi wa ndani katika hali ya utumwa wa kisasa anafanya shughuli ya kibiashara ya faida yake, na kinga haimlindi dhidi ya madai hayo. Yule alikuwa mwanadiplomasia kamili wa Saudi Arabia. London ndiko unakokwenda.

Sina_Haraka
Wakuu naomba niwaharibie sherehe. Hii ni chai, hadithi ya kutunga. Someni tena: "nikishawasilisha hati zangu kwa Mfalme". Anaewasilisha hati ni Balozi, mkuu wa ubalozi. Afisa wa kawaida jina lake linapelekwa kwa nota, yaani barua rasmi, kutoka ubalozini, anapata kitambulisho, basi. Hamuoni Mfalme labda kwenye sarafu. Mtu aliyepangiwa kituo kweli na kupitishwa kwenye semina ya kabla ya safari asijue hilo? Ama ni mtoto wa chuo anatafuta mjadala, ama ni bi mkubwa mwenyewe anakusanya ushahidi. "Karidhia kwa mdomo wake", lugha ya mwanamme hii?

Ukhty_Mbweni
Mie nilikuwa nshaanza kushuku pale kwenye "bado ananyonya". Kama wewe ni bi mkubwa, dada, tuambie tu, tutakupa majibu mengine.

Maalim_Wete
Dhana mbaya ni dhambi. Hata kama ni chai, wapo wanaosoma kimya wenye shida hiyo.

Msafiri_Kiembesamaki
Wallahi sio chai na sio bi mkubwa. Hati nilizosema ni zile karatasi za kuripoti, nimekosea jina. Mie sio afisa wa mambo ya nje. Nakwenda upande wa uhasibu.

MzeeWaItifaki
Ungeanza na hilo. Ikiwa umesajiliwa kama mtumishi wa utawala na ufundi, kifungu cha 37 cha mkataba ule ule kinakupa kinga ya jinai, lakini kwenye madai kinga yako inaishia kwenye kazi za ofisi. Ugomvi na mtumishi wa nyumbani sio kazi ya ofisi. Akikushitaki kwenye baraza la kazi unakwenda kujibu, kesi ya Saudi wala haihitajiki. Na kinga yenyewe ni ya Serikali, inaweza kukuvua bila kukuomba.

Hapo ndipo na kontena linapoingia. Mwanadiplomasia anaingiza vitu vyake bila ushuru muda wote wa kituo. Wewe unasamehewa vya kuanzia makaazi tu. Chukua hilo la futi 20, utie kila kitu safari ya kwanza, orodha iandikwe kifaa kwa kifaa kabla halijafungwa. Vya kuongeza mwakani utalipia.

Sina_Haraka
Sawa, mhasibu naanza kumuamini. Mhasibu ndie pekee anaeweza kuoa wawili akatafuta wa kumlipa mmoja.

Msafiri_Kiembesamaki
Sasa nifanyeje? Nimeshamuahidi. Nikimwambia abaki atasema nimemtupa.

MzeeWaItifaki
Aje kama mgeni. Viza ya kutembelea ni hadi miezi sita kwa safari. Anaomba mtandaoni, anavuka Dar kwa alama za vidole, na kwenye fomu anasema kweli: anakwenda kwa mumewe, mume anafanya kazi ubalozini, atarudi tarehe fulani. Aoneshe cha kurudia: kazi, nyumba, skuli kama anasoma. Wanaweza kumkatalia, lakini kukataliwa kwa ukweli hakumfungii miaka. Asizifululize ziara hadi ionekane anaishi kule, na asifanye kazi. Na matumizi yake Unguja yaende kila mwezi kwa oda ya kudumu benki, usisubiri kukumbushwa.

La haraka zaidi: fomu ya mtumishi ushaikabidhi? Nota imetoka?

Maalim_Wete
Na huyo sheha?

Msafiri_Kiembesamaki
Fomu iko kwa mkuu wa utawala, hajaipeleka. Barua ya sheha nimeiambatisha. Lakini mzee, nikiirudisha sasa si watajiuliza kwa nini?

MzeeWaItifaki
Wajiulize. Kesho asubuhi andika barua ya mistari miwili: naondoa ombi la mtumishi wa ndani, naomba viambatisho vyote nirudishiwe. Chukua nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Barua ya sheha ukishaishika irudishe kwake kwa mkono, usiichane, nakala anayo ofisini. Halafu kaa na bi mdogo kabla hajayasoma haya humu.

Ukhty_Mbweni
Kama hajasoma.