Ukoo umegawa shamba la baba kwa kaka zangu tu, naombeni ushauri

BintiWaMwandiga: Mwakeye ndugu zangu. Nina miaka 29, wa kike peke yangu kati ya watoto wanne. Baba alifariki mwaka jana bila wosia, akaacha shamba la michikichi alilolinunua mwenyewe. Tangu nina miaka tisa, mimi na mama ndio tuliochemsha ngazi, yaani matunda ya mchikichi, tukatwanga na kukamua mawese. Kaka zangu walikata mikungu, wakishashuka kazi yao imekwisha.

Juzi kikao cha ukoo kimewapa wao shamba lote. Baba mkubwa kasema, "Wewe ni wa kwa watu." Nilipiga magoti, nikasema kwa heshima kwamba na mimi ni mtoto. Nikajibiwa kuwa ufeministi wa mjini umeniharibu.

Kilichoniuma zaidi ni mama. Usiku aliniambia, "Hata mimi kwetu sikupewa kitu, na nimeishi." Ndiye aliyeniamsha alfajiri kuteka maji kaka zangu wakiwa wamelala. Simlaumu, naye alilelewa hivyohivyo. Ila nikienda mahakamani, si nitampoteza?

Mchikichi77: Pole dada. Shamba la kununua si ardhi ya ukoo, shikilia hapo. Hata sheria ya mila ya mwaka 1963, Tangazo la Serikali Na. 436, inamweka binti daraja la tatu nyuma ya kaka zake lakini haimnyimi urithi. Kinachobanwa ni ardhi ya ukoo. Na hapo napo, mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza aliamua, katika kesi ya Ephrahim na Pastory, kwamba mwanamke anaweza kuiuza sawa na mwanamume. Kisha soma Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kifungu cha 20. Ulizia Mahakama ya Mwanzo kama mirathi imefunguliwa. Kama imefunguliwa, weka pingamizi mapema.

KakaWaKasulu: Mimi naona tofauti. Ndoa ikivunjika, ni kaka zako watakaokupokea. Ukigombana nao utarudi wapi?

MzeeWaHeru: Binti yangu, tusiisingizie mila. Heru yetu, utawala wa jadi wa Waha, ilikuwa na Mwami, yaani mtemi, Theresa Ntare, mwanamke, na wazee walimtii. Kabla ya mahakama mtafute shangazi yako. Kwenye ukoo shangazi ana kauli, na kaka yake mkubwa hawezi kumwambia yeye ni wa kwa watu. Mama yako pia atamsikiliza kuliko karatasi ya hakimu.

BintiWaMwandiga: Asanteni. Kaka wa Kasulu, hilo limenikosesha usingizi kweli. Lakini kurudi kwenye shamba langu si sawa na kurudi kukaa chini ya wifi. Shangazi yuko Ujiji, naenda Jumamosi. Na mdogo wangu wa mwisho kaniambia kwa siri kwamba hati ya mauziano anayo yeye, na hajampa mtu.